Swali la Kila Ijumaa

"Hivi dauni ni nini, baba Joleen?"

Verlin alishusha pumzi ndefu. Arlene ameanza tena. Kila Ijumaa, vijana wa shule wakiingia uwanjani kucheza mpira wa Kimarekani, swali ni lilelile. Na huyu ndiye mwanamke aliyekaa kwenye benchi hizi miaka yote Verlin alipokuwa kocha wa timu, na kufua jezi zilizobeba nusu ya udongo wa Nebraska.

Maradhi ya kusahau hayapigi hodi, aliwaza. Siku hizi hata funguo za gari hazimtoki mkewe mkononi, na Verlin humwachia. Mgonjwa habishiwi.

Aliyemtia hofu ni binti yao Joleen, aliyekaa upande wa pili wa mama yake akichovya mkate wa mdalasini kwenye bakuli la maharage na nyama. Tangu afike haishi kuisifia nyumba moja ya kutunzia wazee kule Lincoln: bustani, wauguzi, piano. Akisikia mama yake hajui hata dauni, atamfungia sanduku la nguo mara moja. Na Verlin ameapa: Arlene hang'oki nyumbani yeye akiwa hai.

Akamwinamia mkewe, akanong'ona.

"Dauni ni nafasi ya kushambulia, mama. Mpira unaanza, unakimbizwa, mwenye nao akiangushwa, hiyo moja imekwisha. Mnapewa tatu za kusogea yadi kumi. Zikiisha hamjafika, mpira wa wenzenu."

"Tatu?"

"Tatu. Ukisahau niulize mimi, Joleen usimsumbue."

Kando ya uwanja, mshika kijiti cha kuhesabia dauni aligeuza namba. Nne.

"Mwone yule," Verlin akasema. "Nne kaitoa wapi? Siku hizi kijiti wanampa yeyote mwenye mikono."

Duane, jirani aliyekaa nyuma yao, mtu ambaye hajawahi kuacha neno la Verlin lipite bila kulitia pilipili, alitazama viatu vyake.

Arlene alimtazama mumewe mpaka vijana walipojipanga tena. Macho yake yalikuwa yamechoka. Kisha akamgeukia binti yake.

"Wiki iliyopita babako alisema nne," akamwambia taratibu. "Basi kesho tumpeleke akaione hiyo nyumba."