Nguchiro Agombea Kiti cha Hakimu

Zamani wanyama walipokuwa na mahakama yao, Nguchiro ndiye aliyewatetea wasio na wakili. Mdomo wake ulikuwa asali. Kunguru alishikwa na sabuni ya watu. Nguchiro akasema huyu ni mpenda usafi, akaachiwa. Fisi alikutwa zizini. Nguchiro akasema alikwenda kuhani msiba wa mbuzi, naye akaachiwa.

Kiti cha hakimu kilipobaki wazi, Nguchiro akakitaka. Mpinzani wake alikuwa Kobe, anayesinzia hata akisalimiwa. Kura yao ilikuwa ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, na mgombea haruhusiwi kugeuka.

Nguchiro akasimama kifua mbele. Alisikia vishindo vya miguu, akaona vumbi likipanda, akaanza kutunga hotuba ya shukrani.

"Haya, geukeni," akasema Twiga, msimamizi.

Nyuma ya Nguchiro hapakuwa na hata inzi. Foleni ya Kobe ilifika mtoni, na wa kwanza alikuwa Fisi. Kobe mwenyewe alikuwa akikoroma.

"Hata wewe, Fisi? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, wakili wetu, tunakupenda mno. Ukipanda kitini, sisi atatutetea nani? Na mimi kesho nina kesi."

Wakambeba mabegani wakiimba jina lake, hakimu wakamwacha palepale na usingizi wake. Nguchiro alinuna hatua chache tu, kisha akamwinamia Fisi.

"Kesi yenyewe ya nini?"

"Mbuzi."

"Zizi lilelile?"

"Lilelile."

"Basi safari hii tutasema ulikwenda kwenye arobaini."