Shanga Nyeusi Karibu na Ndoano

Emmy alisikia kufuli ya geti ikifunguliwa, akaharakisha. Bangili ilikuwa nyeupe yote, ya shanga alizookota sakafuni. Alitunga moja nyeusi, akaifuatisha na nyeupe moja, akafunga ndoano.

Hivyo ndivyo walivyozoea yeye na dadake Chepngeno, tangu wakiwa wasichana wa kazi, kila mtu kwa nyumba ya tajiri wake. Simu walinyang'anywa, lakini zawadi ya bangili nani angeikataza? Ikifika na shanga moja nyeusi karibu na ndoano, maana yake ni njoo unitoe hapa. Emmy aliwahi kuituma kutoka Sirisia. Chepngeno akateremka kutoka mlimani Cheptais, akasimama kwa mlango wa watu akapiga kelele mpaka wakamfungulia mdogo wake.

Sasa Emmy alikuwa Kitale, chumba cha nyuma kwa Sellah, muuza mikufu. Alikuja kujifunza biashara ya urembo. Alichojifunza ni kutunga shanga tangu asubuhi hadi macho yawashe, na kitambulisho chake kimefungiwa kabatini. Chepngeno ndiye aliyepata bahati. Yeye aliuza dukani kwa dada ya huyo Sellah, huko Kanduyi, Bungoma. Emmy alimwona kwa picha kwenye simu ya Sellah, mikufu imejaa shingoni, anacheka.

Sellah aliingia na vumbi la Bungoma. "Ule mkufu wa buluu, bana! Mama mmoja ameuvaa kanisani, hakuna mtu amesikiza pasta. Wote ati nani ametengeneza, nani ametengeneza."

"Ukawaambia?"

"Si nikawaambia ni mimi! Kwani wewe unataka kushikwa mkono na nani?" Akacheka mwenyewe.

"Anti, naomba niende nyumbani. Hata Jumapili moja tu."

"Na macho mekundu hivyo? Watu watasema nakutesa. Mimi ni mama yako hapa." Akaiona bangili. "Hiyo nayo?"

Emmy aliangalia sakafu. "Ni ya Chepngeno. Zawadi tu, Anti."

Sellah aliipima mkononi mwake, haikupita. "Basi ana bahati mimi ni mnene. Kesho narudi Kanduyi, nitampa."

Akaitia kwa mkoba. Emmy alikaa chini. Kesho. Aliona kabisa vile dadake angesimama hapo kwa geti, leso kiunoni, majirani wametoka nje.

"Ngoja, nisisahau." Sellah alipekua mkoba, akatoa kitu kimefungwa kwa gazeti. "Nyinyi watu wa mlima mnapenda zawadi! Dadako pia amekutumia. Amenisumbua, ati nikupe mkononi."

Emmy alifungua gazeti akicheka. Bangili nyekundu, kazi safi, ya mkono anaoujua. Akaizungusha polepole kutafuta ndoano.

Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Halafu nyeusi moja.