Jina Ndani ya Pindo

Mama Eliaika alishona magauni ya harusi, na ndani ya kila pindo alitarizi jina la bwana harusi huku midomo ikimchezacheza kwa sala. Hakuna aliyemwagiza, aliona ndiyo sadaka yake.

Tabitha alikuja kujaribu gauni lake. Rafiki yake Zawena alipiga magoti, akamnyooshea mkia wa gauni.

"Jina la bwana?" Mama Eliaika aliuliza, uzi wa buluu mkononi.

Wasichana walitazamana. "Andika Zawena," Tabitha akasema.

Mama Eliaika akaketi, akainuka, akafunga dirisha, akalifungua tena.

"Gauni lichukue, mwanangu. Lakini jina hilo siwezi kuliombea. Nitamwambia nini Mungu?"

"Basi nipe sindano, mama," Zawena alisema taratibu. "Nitalitarizi mwenyewe."

Akapewa. Mara tatu uzi ulikataa kuingia tunduni. Mama Eliaika akamnyang'anya, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaupitisha mara moja.

Hakuirudisha sindano. Zawena alikinga kiganja akingoja, macho kwenye midomo ya mama yule, ambayo ilikuwa imeanza kuchezacheza.