Kifurushi cha Kibwana

"Tovuti ya kliniki nayo iwekeeni kile kifurushi cha Kibwana," bosi alisema mbele ya wote, na Nyamizi akakitua kikombe chake cha chai mezani.

Kifurushi chenyewe kilikuwa mistari michache ya msimbo wa PHP inayogeuza saa za kompyuta kuwa saa za watu, ili mgonjwa akiandikiwa 8:00 asubuhi asifike saa nane mchana. Kila tovuti ya ofisi ilikibeba. Nyamizi alikuwa wa kwanza kuajiriwa pale, na hakuna aliyewahi kusema "cha Nyamizi".

"Mimi nitaandika changu," alimwambia Kibwana.

"Andika tu, dada. Changu nimeshakiweka, kitoe."

Upole huo ndio uliomchoma. Akaandika amri ya kukiondoa. Kabla ya kufuta, kompyuta ikamwonyesha vitakavyoondoka: cha Kibwana, pamoja na kingine kidogo ambacho cha Kibwana kilikitegemea. Mwandishi wake: Nyamizi. Alikiandika alipoanza kazi, kazi yake kutoa sita kwenye saa, kisha akakisahau.

"Kumbe changu kimo ndani ya chako."

"Kimo," Kibwana akasema. "Bila hicho changu hakijui saa."

"Na miaka yote unasifiwa, umenyamaza."

"Nilidhani unajua."

Kwenye kioo swali lilikuwa likimsubiri: vifutwe vyote viwili, Y kwa ndiyo au N kwa hapana?

"Nyamizi," bosi aliita kutoka chumbani kwake, "cha Kibwana kimeshaingia?"

Kidole chake kilikuwa juu ya herufi N.