Usiinyooshe Sauti

"Usiinyooshe, kaka," Sikudhani alimwambia Ridhiwani, mwendesha redio ya upepo. "Iache hivyo hivyo."

Sauti iliyokuwa ikitoka kisiwani ilikuwa kama ya bata aliyekabwa. Ridhiwani alikwisha kushika kile kidude cha kuzungusha kinachosafisha sauti. Akakiachia.

"Kule wamesharekebisha yao, wanakusikia vizuri. Taabu utapata wewe."

"Nitamwelewa tu."

Ofisi ilikuwa ya mnunuzi wa kambamiti, mmoja wa hawa walioingia Kibiti biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Kazi ikiisha, watu huruhusiwa kuongea na ndugu zao wa visiwa vya delta. Benchi lilijaa, masikio wazi. Sikudhani hakutaka wamsikie mumewe akimtukana. Hata jina lake aliona haya kulitaja mbele yao, alisema tu, "Niitieni wa nyumbani kwa Bi Mwanahawa."

Bi Mwanahawa ni mkwewe. Mwezi uliopita alirudi kisiwani na kifurushi chake, hakumuaga hata mwanawe. Jana mwanawe alivuka kumfuata, amuulize kulikoni. Wawili wale wakikaa wakaongea, ndoa ya Sikudhani imekwisha. Ilibidi awahi kusema yeye.

"Haya dada, bonyeza hapo ndipo useme."

Akajitanda khanga mpaka puani.

"Mume wangu, mama yako hakuondoka kwa kupenda. Nilimfukuza mimi. Nilimwambia wewe ndiye uliyesema umechoka kumlisha. Hukusema, wallahi. Kisa mchuzi wangu, kila nikipika anauongezea chumvi. Nisamehe. Ova."

"Eee! Kumbe!" akasema mwanamke mmoja benchini, wala hakunong'ona. "Chumvi tu hiyo?"

Bata akalia kidogo, akanyamaza. Akalia tena, safari hii kwa kirefu.

"Kasema nini?" Sikudhani akauliza.

"Mimi nijuaje? Si umenikataza?"

Watu wakaangua kicheko. Uso ulimwaka Sikudhani chini ya khanga. Siri aliyokuwa akiificha ameshaimwaga kwa kinywa chake, sasa afiche nini tena? Akaashiria kwa mkono: haya, nyoosha.

Ridhiwani akazungusha kidogo tu. Bata akawa mtu. Mwanamke, mtu mzima, analia.

"...nasema, mwanangu kalala barazani kwangu tangu jana, Sikudhani, na mimi nimemnyima hata salamu. Niache kwanza nikamfungulie mlango."