Makuyu Yasiyozidi Matatu

Hapo kale Kima mchoyo ndiye aliyegawa matunda ya mkuyu. Aliwaambia vifaranga wa Mama Kanga wenye njaa, "Kila mmoja atapata makuyu yasiyozidi matatu." Wakashangilia. Akawapa mojamoja.

"Mjomba, mbona moja?"

"Kwani moja limezidi matatu?"

Wakalala wakilia.

Kesho yake Kima akaja anajikuna. "Dada, nitoe kupe mgongoni, wananimaliza!"

"Nitakutoa kupe wasiozidi kumi," akasema Mama Kanga. Akadonoa mmoja, akapangusa mdomo.

"Dada, bado wapo!"

"Kwani mmoja amezidi kumi?"

Kima akaguna. "Sema wasiopungua kumi, dada yangu!"

Mama Kanga akacheka, akamtoa wote, maana hata mchoyo huwashwa. Kima akapanda mkuyuni, akautikisa mpaka vifaranga wakaikimbia mvua ya makuyu.