Mraba Mwekundu wa Kando ya Mlango

Kiti cha mwisho, kile cha kando ya mlango, kilikuwa chekundu tena. Betri aliinua uso kutoka kwenye kompyuta, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeletewa salamu.

Mchana Betri alikuwa mwandishi wa programu. Kila Ijumaa jioni alipanda jukwaa la ukumbi mdogo nyuma ya mkahawa kuchekesha watu, au tuseme kujaribu. Jina la Betri alijipa mwenyewe, ili akipanda tu aseme, "Nivumilieni, chaji ni ndogo." Hicho ndicho kichekesho chake kikali kuliko vyote, na alikitoa cha kwanza. Baada ya hapo ni mteremko.

Mtu mwingine angesikiliza kama watu wanacheka. Yeye masikio hakuyaamini, masikio hayana tarakimu. Akafunga kinasa sauti kidogo mgongoni mwa kila kiti, akavifundisha visifuatilie sauti za kiti jirani, na kila kimoja kikawa kinaleta namba yake: sifuri kwa kimya, mia kwa sauti ya juu kabisa. Programu ilizipanga namba hizo katika miraba, kama viti vilivyopangwa ukumbini, kisha ikazipaka rangi. Kimya bluu, sauti kidogo manjano, kicheko cha kushika mbavu nyekundu. Ilikuwa programu safi. Kilichokosekana ni vichekesho.

Picha ya Ijumaa ya kwanza ilitoka bluu tupu, kama sare ya shule. Isipokuwa mraba mmoja mwekundu, wa kiti cha kando ya mlango.

Na mwenye kiti hicho hakuwa mtu wa hivi hivi. Betri akisimulia kile kisa chake kirefu cha printa ya ofisini, ukumbi mzima unaangalia saa, nyekundu ya pale ndiyo kwanza inakolea. Lakini akitupa kichekesho cha haraka, safu za mbele zikacheka na kupiga makofi, mraba ule unageuka bluu hapohapo. Betri aliwaza sana, akapata jibu: huyu ana kiwango, vichekesho vya rejareja havimgusi. Basi akaanza kuvipunguza.

Sura yake hakuijua. Taa za jukwaa zilimpiga machoni, na zaidi ya safu ya pili hakuona mtu. Muuza tiketi alipoulizwa alisema ni mama mmoja tu, huingia taa zikishazimwa na hutoka wa kwanza. Betri hakuthubutu kumkimbilia. Angemwambia nini, asante kwa kucheka?

Nyumbani alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi, na zamu za wodini zilimrudisha hoi. Siku nyingi alikuwa ameahidi kwenda kumwona mumewe jukwaani, hadi Betri akaacha kumdai ahadi hiyo, ingawa ilimuuma. Ijumaa usiku peke yake, akirudi kutoka jukwaani, ndipo alipomkuta mchangamfu, macho meupe, anaimba huku anamenya viazi. Betri alidhani ni kwa sababu yeye hakuwapo nyumbani jioni nzima.

Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaka ijulikane kwamba ameumia, kuwa angalau duniani yupo mmoja anayemwelewa.

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye viazi.

"Huyo mtu," akasema, "lazima hutoka pale amepumzika sana."

Betri aliichukua kuwa sifa, akaenda kuoga.

Mama mwenye ukumbi hakuwa na habari na miraba. Alimwita pembeni, akamwambia kwa upole unaouma kuliko matusi: mwanangu, watu wanapungua, Ijumaa hii nisiposikia kicheko jukwaa nampa mwingine. Jukwaa lile, pamoja na aibu zake zote, ndilo lililomfanya aione wiki ina maana. Bila hilo angebaki na printa, na hakuna wa kumsimulia.

Mwenye akili angerudisha vichekesho vya rejareja. Betri alikirefusha kisa cha printa.

Ijumaa ilipofika aliunganisha kompyuta na projekta, miraba ijichore ukutani papo kwa papo, mama mwenye ukumbi ajionee. Akaianza printa tangu inatolewa kwenye boksi. Alipofika kwenye karatasi iliyokwama, jamaa wa safu ya kwanza alipiga mwayo bila hata kuziba mdomo. Ukuta ulikuwa bluu juu hadi chini, na pale kando ya mlango mraba mmoja, mwekundu kama nyanya iliyoiva. Mama mwenye ukumbi alitikisa kichwa, akachukua mkoba wake.

"Mama, subiri," Betri akasema. "Hawa hawanielewi, sawa, hata mimi sijielewi. Lakini kuna mtu mmoja humu ndani amecheka tangu siku ya kwanza, na mimi nimekuwa nikimsimulia yeye tu. Namwomba asimame, umwone."

Akamwomba fundi wa taa amulike kiti cha kando ya mlango. Taa ikaenda, watu wote wakageuka. Hakusimama mtu. Ukumbi ukanyamaza kabisa, na sasa kila mmoja akaisikia ile sauti ambayo mpaka siku hiyo ilisikiwa na kinasa sauti peke yake.

Mkewe, sare ya hospitali bado mwilini, kichwa ameegemeza ukutani na mdomo wazi, alikuwa anakoroma. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, ukuta mzima ukawa mwekundu, na mraba mmoja tu, ule wa kando ya mlango, ukageuka bluu hapohapo.